Mawe kwanza, samaki baadaye

Dukani niliambiwa Sewellia lineolata ni samaki wa kusafisha kioo cha tangi. Nikanunua wawili, nikawatia kwenye tangi jipya, kila kitu kinang'aa. Baada ya wiki tatu wote wamekufa. Kwa juu walionekana wazima kabisa, bapa, na michirizi yao ya manjano. Ni pale mmoja wao alipopanda kiooni ndipo nilipoliona tumbo lake: limebonyea ndani. Alikuwa anakufa njaa.

Kwao ni vijito vya milimani vya Vietnam ya kati, maji yanapokimbia juu ya mawe. Mapezi yao ya chini yameungana nyuma yakawa kama kikombe, ndiyo maana wananata kwenye jiwe kama mjusi ukutani. Wanachokula ni ule utelezi wa jiwe lenyewe, mwani laini na vijidudu vilivyomo ndani yake. Tangi jipya halina utelezi huo.

Kwa hiyo anza na mawe. Chagua ya mviringo, yasiyokwaruza, kuanzia ukubwa wa ngumi hadi wa nazi. Lidondoshee kila moja siki. Likitoa povu lina chokaa, liache. Yapange kwenye beseni la maji mahali penye jua. Hapa Manchester jua la kutegemea hatuna, mimi naweka taa juu yake saa 10 kwa siku. Wiki ya nne pitisha kidole: likiteleza, na kidole kikatoka na ukijani, limeiva. Beseni langu sijaliondoa mpaka leo. Kila Jumamosi nayatoa tangini mawe mawili yaliyokwisha kulambwa, nayarudisha kwenye beseni, na kuingiza mawili yaliyoiva kwa kijani.

Wakati mawe yanaiva, andaa tangi. Lita 100 zinatosha, na urefu ni muhimu kuliko kina. Langu lina sentimita 90. Chujio lifanye kazi mpaka vipimo vya amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu, visome sifuri, kwangu ilichukua wiki sita. Weka pampu upande mmoja ili maji yakimbilie upande wa pili. Pampu na chujio kwa pamoja visukume mara 10 hadi 15 ya ujazo wa tangi kwa saa. Mdomo wa kuvutia maji uvishe sponji. Kila wiki badilisha theluthi moja ya maji, na maji mapya yatoe klorini kwanza.

Joto liwe nyuzi 20 hadi 24. Sebule yangu huwa 21, sitii hita. Kiangazi kimoja maji yalifika 27, wakaanza kuhema kwa kasi huku wamejazana mbele ya pampu. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo. Niliielekeza pampu juu hadi uso wa maji ukachafuka, nikaondoa kifuniko, nikawasha feni. Tangi nililifunika kwa kipande cha chandarua, kwa sababu hawa hupanda kioo wakatoka nje.

Wafuge sita, si mmoja. Akiwa peke yake hujificha tu. Wakigombea jiwe, mmoja humpanda mwenziwe akamfunika. "Mama, mbona wanalaliana?" binti yangu aliniuliza. Hawaumizani, mradi mawe yawe mengi.

Jioni waongezee dafnia, vijidudu vya majini, wa kugandishwa au jani la mchicha lililopitishwa maji ya moto. Zima pampu dakika tano chakula kitue. Ukitaka kuwahamisha usitumie wavu, wanaunata na kuumia. Waongoze waingie kwenye kopo la plastiki.

Ijumaa usiku napiga tochi kiooni na kukagua matumbo, moja moja. Usiku mmoja, nyuma ya jiwe la beseni, nikaona vitoto vitatu kama punje za mchele, vimenata. Ukivipata usivihamishe. Viache palepale, na jiwe hilo usilitoe Jumamosi.