Buti za kazi: kagua soli na ndani kwanza, bei uulize mwisho

Wakuu, Dodoma saizi ujenzi uko kila kona, Mtumba kule mji wa serikali, Msalato, Ihumwa, Nala, Iyumbu, na bado unakuta kijana yuko saiti na raba au ata kandambili wakati mbao zilizobanduliwa kwenye zege zimetapakaa chini misumari inaangalia juu. Inaniuma sana mana mguu ukishatobolewa kibarua ndo kimeishia hapo. Kwahiyo hii ni kwa yeyote anaejipanga kununua sefti buti, zile buti za kazi zenye chuma mbele cha kukinga vidole.

Kabla hujatoa hela yako, kama umeajiriwa kwenye kampuni dai kwanza buti kwa mwajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka atoe vifaa vya kujikinga. Ila najua mafundi wa mtaani na saidia fundi wengi wanajinunulia wenyewe, so tuendelee.

Nenda kununua jioni, sio asubuhi. Ukishinda umesimama juani miguu inavimba, sa buti iliyokukaa vizuri saa mbili asubuhi itakubana saa tisa mchana. Beba na soksi unazovaa kazini. Vaa zote mbili, funga kamba mpaka juu, alafu tembea pale dukani bila kuona aibu, kisigino kisiwe kinachomoka na vidole viwe na nafasi ya kucheza bila kugusa chuma. Alafu chuchumaa. Watu wengi hawafanyi hii na ndo kipimo kikubwa, fundi wa taizi au anaefunga nondo za chini anachuchumaa kutwa nzima, na buti mbaya ukichuchumaa ukingo wa kile chuma unakukata juu ya vidole. Muuzaji atakwambia kaka vaa tu zitatanuka. Ngozi itatanuka kweli, chuma hakitanuki, achana nazo chukua namba nyingine.

Sasa lebo, mara nyingi iko kwenye ulimi kwa ndani. Tafuta maandishi ISO 20345, hicho ndo kiwango cha kimataifa, maana yake chuma cha mbele kimepimwa kwa pigo la jouli 200, kama uzito wa kilo 20 ukidondoka kutoka mita moja hivi. Alafu kuna herufi. S1 peke yake haina kinga ya msumari kwa chini, narudia, haina. S1P inayo. S3 inayo na pia ngozi yake inazuia maji kwa muda. Kwa Dodoma kiangazi S1P inatosha kwa wengi na haichemshi mguu sana, ila kama unafanya kazi mpaka masika au unapita porini kwenye miiba ya migunga kupima viwanja, mimi nasema chukua S3. Na mafundi umeme msidanganyike, hizi S zote zinapunguza umeme wa msuguano tu, sio kinga ya kupigwa shoti, nyie ulizeni buti maalum za umeme.

Lebo lakini mtu yeyote anaweza kuishona, kwahiyo mkono wako ndo shahidi. Hapa kwenye soli kaa muda mrefu, hasa kama ni mtumba wa soko la Sabasaba. Soli nyingi nyepesi ni za poliyurethani (PU), na hiyo kitu unyevu wa hewani unaila taratibu ata kama buti haijawahi kuvaliwa, inakaa stoo miaka inang'aa vizuri tu, siku unaivaa inameguka kama mkate mkavu. Ikunje kwa nguvu, bonyeza pembeni kwa kucha, ukiona vinyufa vidogo vidogo au ungaunga au kucha inaacha shimo lisilorudi, iache ata kama ni bei ya kutupa. Pia geuza chini, mara nyingi kuna kiduara chenye mwaka na mshale wa mwezi iliyotengenezwa. Soli ya mpira ni nzito zaidi ila inavumilia joto, wanaochomelea nendeni huko na mtafute alama ya HRO, yani soli inayohimili joto. Na kama umepata iliyoshonwa kuzunguka soli badala ya gundi tupu ongeza hela uichukue, jua letu hili linakausha gundi, na ya kushona fundi viatu anaweza kukubadilishia soli.

Ngozi angalia pale ilipokatwa, kwenye ukingo wa ulimi, ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi, ya bandia utaona kitambaa chini ya plastiki. Habari ya muuzaji kukuwashia kiberiti kuonyesha ni ngozi halisi usiitegemee, yeye ndo anachagua pa kuchoma.

Mtumba wenye chuma kilichobonyea usinunue kabisa, kile kishapokea pigo lake.

Siku ya zege vaa gambuti. Saruji mbichi inaunguza ngozi, ya buti na ya kwako, ikiingia ndani vua hapo hapo unawe kwa maji mengi, usisubiri mpaka zege liishe. Buti zikilowa zisugue jioni ile ile, toa soli ya ndani, jaza magazeti, weka kivulini, usizisogeze karibu na jiko la mkaa mana ngozi inapasuka na gundi inaachia. Zikikauka paka dawa ya viatu. Na siku ukiona chuma kimeanza kuchungulia mbele au vimeno vya soli vimeisha, nunua nyingine.