Umekuta mdudu kibibi usiyemzoea? Mwangalie anakula nini kabla ya kushika bomba

Wakulima wengi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wanamjua mdudu kibibi kwa sura: mviringo, mgongo uliobinuka, mwekundu au wa njano mwenye madoa meusi. Wamefundishwa kwamba ni rafiki kwa sababu anakula vidukari, wale ambao wengine huwaita wadudu mafuta. Ni kweli kwa spishi nyingi, lakini si zote. Duniani wadudu kibibi walioelezwa kisayansi wanakaribia spishi 6,000, na wapya bado wanapatikana. Ukimkuta mgeni kwenye viazi vya Isyonje au kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni, vya Njombe, jina lake linaweza kusubiri. Chakula chake hakisubiri.

Geuza majani. Walao vidukari utawakuta palepale vidukari walipo: kwenye vichipukizi vya maharage, chini ya majani ya kabichi, kwenye masuke ya ngano. Mgongo wao kwa kawaida unang'aa. Mayai ni ya njano, membamba, yamesimama wima kwa mafungu. Wanaoponzwa na sura ni watoto wao: lava ni mrefu, mweusi au wa kijivu, mara nyingi ana mabaka ya rangi ya chungwa, anatembea kama mamba mdogo na hafanani kabisa na mzazi. Watu huwaponda wakidhani ni viwavi, kumbe lava mmoja hula mamia ya vidukari kabla ya kukomaa.

Wadudu kibibi wa kundi la Epilachna ni habari nyingine. Hawa wanakula majani. Mgongo wao umefifia kwa sababu umefunikwa na vinyweleo vifupi, na lava wao ana miiba yenye matawi mwili mzima. Wanakwangua nyama ya jani hadi libaki nyuzinyuzi. Wapo wanaoshambulia jamii ya nyanya na viazi, wapo wa maboga na matango, na Chnootriba similis hula mahindi na ngano. Kwa hiyo ukiona jani limekwanguliwa na hakuna kidukari hata mmoja karibu, huyo si rafiki, hata awe na madoa ya kupendeza namna gani.

Kosa ninaloliona ni kubwa kuliko yote ni kupulizia shamba zima kwa hofu. Kidukari jike huzaa bila kupandwa, tena huzaa watoto walio hai, hivyo wachache wakibaki wanarudi haraka. Mdudu kibibi anahitaji wiki tatu hadi nne kutoka yai hadi mzima penye joto, na kwenye baridi ya Umalila au Makete huchukua muda zaidi. Ukiwaua wote kwa pamoja, vidukari ndio watakaotangulia kurudi. Na dawa ya pareto isikudanganye kwa kuwa inatokana na ua tunalolilima wenyewe. Nayo inaua mdudu kibibi. Tofauti ni kwa mzalishaji wa mbegu za viazi: kidukari mmoja mwenye virusi anatosha kuleta hasara, kwa hiyo asitegemee mdudu kibibi peke yake. Aanze na mbegu safi na kung'oa mashina yenye dalili.

Je, yule mgeni anaweza kuwa mpya kabisa kwa sayansi? Anaweza. Kipunji, kima wa Mlima Rungwe, aliandikwa kisayansi mwaka 2005 tu, ingawa wawindaji wa huko walikuwa wakimjua siku zote. Kama kima alichelewa hivyo, sembuse mdudu wa milimita chache. Huko Montana, Marekani, mwaka 2009 mwanafunzi alinasa kwenye vilima vya mchanga mdudu kibibi wa takribani milimita 1, ambaye kichwa chake huingia ndani ya kidari. Maelezo yake, pamoja na jina Allenius iviei, yalichapishwa mwaka 2012.

Miaka hiyo haipotei bure. Madoa na rangi hubadilika ndani ya spishi moja, kwa hiyo mtaalamu hupasua dume na kuchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini, kisha hulinganisha na sampuli za makumbusho. Sampuli moja huteuliwa iwe rejea ya jina hilo na kuhifadhiwa, ili atakayetilia shaka aende akaiangalie.

Mkulima anafaidika nini? Uliza muhogo. Kidung'ata, mdudu mdogo mweupe kama unga anayefyonza mimea, aliyeteketeza muhogo wa Afrika alielezwa kisayansi mwaka 1977. Wataalamu walipotafuta maadui zake kaskazini mwa Amerika Kusini, walikuwa wanakusanya waliomla ndugu yake, spishi tofauti. Yeye mwenyewe alipatikana Paraguay mwaka 1981, na huko ndiko alikotoka nyigu mdogo aliyemdhibiti.

Basi ukimpata usiyemjua, chukua kadhaa, wazima na lava, uwatie kwenye kichupa chenye spiriti. Weka ndani karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutika: kijiji, tarehe, zao, na alichokuwa akikila. Piga picha pia wakiwa hai, maana spiriti hufifisha rangi. Mpe afisa ugani wa kata, au upeleke TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mbeya. Wakati unasubiri jibu, kama ni mla majani, mkusanye kwa mkono asubuhi na mapema, baridi ikiwa bado imemlegeza, na uponde mafungu ya mayai chini ya majani. Kama yuko katikati ya vidukari, mwache aendelee.