Kufunga SSD ya laptopu kwa BitLocker, na kuutunza ufunguo wake

Mteja akiniletea laptopu iliyokufa na kuomba nimwokolee mafaili yake, naanza na bisibisi. Nafungua mfuniko wa chini, naitoa skrubu moja inayoishika SSD, yaani diski inayotunza mafaili, nakivuta kile kibao cha sentimita 8, urefu wa kidole cha kati, kisha nakipachika kwenye kikasha chenye waya wa USB na kuchomeka kwenye kompyuta yangu. Dakika tano haziishi, nimeshaona picha za harusi, vyeti vilivyoskaniwa, mikataba ya kazini, na mara nyingi faili la Notepad lenye manenosiri yote ya mtu huyo. Nenosiri lake la Windows sijaliuliza wala silihitaji. Linalinda kuingia kwenye Windows tu. Diski yenyewe iko wazi.

Mimi nafanya hivyo kwa ridhaa ya mwenye mali. Aliyeipora laptopu kwenye daladala anaweza kufanya yale yale kwa vifaa vile vile, na vifaa hivyo ni bei rahisi. Ndiyo maana kila anayetoka mezani kwangu na laptopu ya kazi namsihi aisimbe diski yake, yaani kila kinachoandikwa humo kivurugwe kihesabu kiasi kwamba asiye na ufunguo haoni kitu cha maana.

Nitaeleza kwa BitLocker, zana ya kusimba iliyomo ndani ya Windows 10 na 11, kwa sababu hizo ndizo ninazoshika kila siku hapa Dar es Salaam. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Hatua ya 1: Ijue hali ya diski yako sasa

Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator", kisha andika:

manage-bde -status C:

Ukiona "Fully Decrypted" na "Protection Off", diski haijasimbwa. Ukiona "Protection On", tayari imesimbwa, pengine bila wewe kujua, kwa hiyo ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4 uutafute ufunguo wako leo hii.

Hali ya tatu ndiyo inayowadanganya watu. Asilimia ya usimbaji inasomeka 100, lakini chini yake pameandikwa "Protection Off". Hii hutokea sana kwenye laptopu mpya ambayo mwenyewe hakuingia kwa akaunti ya Microsoft. Diski imesimbwa kweli, ila ufunguo umeachwa wazi humo humo ndani ya diski. Ni sawa na kufunga nyumba kwa kufuli kisha ukauacha ufunguo ukining'inia kwenye kufuli hilo hilo.

Hatua ya 2: Nakala kwanza

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha chomoa, chomeka tena, na ufungue mafaili mawili matatu uone kama yanasomeka. BitLocker yenyewe ni imara, na umeme ukikatika katikati ya kazi huendelea pale ilipoishia. Ninachokihofia ni diski iliyokuwa mgonjwa tangu awali. Kusimba kunaipitia yote, na ugonjwa uliojificha unaweza kujitokeza hapo hapo. Usianze bila chaja kuwa imechomekwa.

Hatua ya 3: Washa usimbaji

Nenda "Settings", kisha "System", kisha "About", usome kama Windows yako ni Home au Pro.

Kwa Pro, fungua "This PC", bofya diski C kwa kitufe cha kulia na uchague "Turn on BitLocker". Itakuuliza pa kuhifadhi ufunguo wa kurejesha. Chagua "Save to a file" ukiwa umechomeka flashi, kisha rudi na uchague "Print" ili upate karatasi pia. Haitakubali kuuhifadhi ndani ya diski ile ile unayoifunga, na ina haki.

Ikifika swali la kiasi gani kisimbwe, laptopu iliyokwisha kutumika ichagulie "Encrypt entire drive". Njia nyingine inasimba sehemu zenye mafaili tu, na mabaki ya ulivyofuta zamani yanaweza kubaki yakisomeka. Hapa SSD ina tabia yake. Ukiandika juu ya faili la zamani, diski haigusi chembe zile zile. Inaandika pengine ili chembe zisichakae mapema, na nakala ya zamani inaweza kubaki kwenye akiba ambayo Windows haiioni kabisa. Kwa hiyo siku nzuri ya kuisimba SSD ni siku unayoitoa dukani, kabla hujaweka hata picha moja. Ukichelewa fanya tu, lakini elewa kwamba kilichoandikwa wazi jana hakifunikwi chote na kufuli ya leo.

Chagua "New encryption mode", weka tiki kwenye "Run BitLocker system check", washa upya, uendelee na kazi zako.

Kwa Home, tafuta "Device encryption" ndani ya "Settings". Ikiwepo, iwashe. Isipokuwepo, tumia VeraCrypt, programu ya bure inayosimba diski nzima ya mfumo na kuomba nenosiri kabla Windows haijawaka. Itakutaka utengeneze flashi ya uokoaji. Itengeneze kweli, usitafute njia ya kuiruka.

Hatua ya 4: Ufunguo wa kurejesha

Hatua zilizotangulia ni za kubofya tu. Hii ndiyo yenye kazi.

Ufunguo huo ni tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu 6. Laptopu itaudai siku BIOS (programu ya msingi inayoiamsha laptopu) ikisasishwa, mazabodi, yaani ubao wake mkuu, ikibadilishwa, au ikihisi namna yoyote kwamba imechezewa. Usipokuwa nao, hakuna fundi wala kampuni itakayokufungulia.

Binti mmoja wa mwaka wa tatu chuoni aliniletea laptopu yenye skrini ya buluu inayodai ufunguo huo. Fundi mwingine alikuwa amembadilishia mazabodi. Aliniambia, "Fundi, mimi sijawahi kufunga chochote," na alikuwa anasema kweli. Laptopu alinunuliwa na kaka yake, na siku ya kwanza kaka aliiwasha kwa akaunti yake mwenyewe ya Microsoft. Windows ikasimba kimya kimya na kuutuma ufunguo kwenye akaunti ya kaka. Tulimpigia simu Dodoma, akafungua account.microsoft.com/devices/recoverykey, akalinganisha namba ya utambulisho iliyokuwa kwenye skrini yetu, akaanza kutusomea tarakimu. Binti aliandika huku mkono ukimtetemeka, maana utafiti wake wote wa kumaliza chuo ulikuwa humo. Tulipoingiza, ufunguo ukakataliwa.

Kumbe kila kundi la tarakimu 6 limetengenezwa ligawanyike kwa 11 bila salio. Kwa mfano, 135795 ukigawa kwa 11 unapata 12345 kamili. Kosea tarakimu moja tu na salio linabaki. Tukachukua kikokotoo, kundi baada ya kundi. La sita likaacha salio. Kaka alikuwa amesema "sita" mahali pa "tisa". Tukasahihisha, Windows ikawaka, na binti akalia palepale kwenye benchi.

Kwa hiyo, sasa hivi, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Linganisha tarakimu zinazotokea na zile za kwenye karatasi, moja moja. Kisha ihifadhi karatasi hiyo pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa, isikae ndani ya begi la laptopu. Kama unautegemea ule wa kwenye akaunti, hakikisha namba ya simu iliyosajiliwa pale bado ni yako. Laini iliyofungwa haipokei msimbo wa uthibitisho, na hapo utakuwa umefungiwa milango miwili kwa mpigo.

Hatua ya 5: Ongeza PIN ya kuwasha

BitLocker ya kawaida hujifungua yenyewe laptopu ikiwashwa, kwa sababu ufunguo unatunzwa na chipu ya usalama iitwayo TPM. Kwa mwizi wa kawaida inatosha. Lakini kwenye baadhi ya laptopu za zamani kidogo, ufunguo hutoka kwenye chipu hiyo ukipita wazi kwenye nyaya za ubao. Mwaka 2024 mtafiti mmoja alionyesha jinsi ya kuunasa kwa kifaa kidogo cha Raspberry Pi Pico, chini ya dakika moja. PIN inaziba njia hiyo.

Kwenye Pro, andika gpedit.msc kwenye kisanduku cha kutafutia ufungue mipangilio ya ndani ya Windows, fuata "Computer Configuration", "Administrative Templates", "Windows Components", "BitLocker Drive Encryption", "Operating System Drives", kisha uwezeshe "Require additional authentication at startup". Baada ya hapo andika:

manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN

Andika PIN ya tarakimu 6 au zaidi. Haitaonekana unapoiandika, usishtuke. Mwaka wa kuzaliwa uache.

Mhasibu wa SACCOS mwenye taarifa za wanachama kwenye laptopu simwachi aondoke bila hatua hii. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya sheria, zile ni pesa na majina ya watu waliomwamini.

Hatua ya 6: Kagua kazi yako

Rudia amri ya hatua ya 1. Unataka kuona "Protection On", na kwenye "Encryption Method" pasomeke XTS-AES. Pakiwa na "Hardware Encryption", maana yake kazi imeachiwa SSD yenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba baadhi ya SSD za Samsung na Crucial zilifunguka bila nenosiri, na mwaka uliofuata Microsoft ikabadilisha mpangilio wake ili BitLocker isiziamini diski kwa chaguo-msingi. Ukiikuta hali hiyo, zima BitLocker, kataza usimbaji unaofanywa na SSD yenyewe kwenye gpedit ile ile, uanze upya.

Nenosiri la BIOS weka ukipenda, linazuia mtu kuwasha laptopu kwa flashi yake, ila halisimbi chochote. Lile la diski linalowekwa ndani ya BIOS mimi siwawekei wateja. Likisahaulika, diski inaweza kubaki imejifunga daima, na ubora wa ulinzi wake unategemea aliyeitengeneza.

Wa Mac, washeni FileVault ndani ya "Privacy & Security" na mwandike ufunguo wake. Wa Ubuntu, chagueni usimbaji wakati wa kuinstoli, kisha mchukue nakala ya kichwa cha LUKS (sehemu ya diski inayotunza taarifa za ufunguo) kwa amri ya cryptsetup luksHeaderBackup, kwa sababu kichwa hicho kikiharibika hata nenosiri sahihi halifungui.

Ukiwa safarini au kwenye mizigo

Zima kabisa au tumia "Hibernate". Laptopu iliyofunikwa ikiwa imelala bado imebeba ufunguo kwenye RAM, na PIN haitaulizwa ikiamka.

Ukiipeleka kwa fundi au kusasisha BIOS

Kwanza sitisha ulinzi kwa muda:

manage-bde -protectors -disable C:

Ukumbuke kwamba kwa kawaida ulinzi hujirudisha baada ya kuwashwa upya mara moja. Kama kazi ni ya kubadilisha mazabodi, nenda na tarakimu zako 48 na uziingize wewe mwenyewe mbele ya fundi; karatasi urudi nayo nyumbani. Kazi ikiisha, kabla hujalipa, andika manage-bde -protectors -enable C: na usome hali ya diski hadi uone "Protection On".