Lundo Likinuka, Bakteria Wamekosa Hewa
Lundo la mboji likianza kunuka mayai viza, usihangaike kutafuta dawa. Hewa imekwisha ndani. Harufu hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi, inayotolewa na bakteria wanaotumia salfeti (chumvi yenye salfa) mahali pa oksijeni.

Penye oksijeni, bakteria huvuna kwenye sukari ileile nishati mara kumi na zaidi ya wanayopata wakiichachusha bila hewa. Ndiyo maana lundo lenye hewa hupanda joto hadi nyuzi 55 au 60 za Selsiasi na kuoza upesi, ilhali lililoshindiliwa hudorora na kuvunda. Ligeuze kila joto linaposhuka. Chukua konzi ya mboji kutoka katikati, uikamue: tone moja mawili yanatosha. Maji yakichuruzika, changanya majani makavu au maranda.

Hasara kubwa zaidi iko shambani, na haina harufu. Maji yakituama, oksijeni huisha udongoni na bakteria hugeukia nitrati (naitrojeni iliyoungana na oksijeni, ambayo mmea huifyonza), maana ndiyo inayowalipa vizuri baada ya oksijeni. Wakishaitumia, naitrojeni hupaa hewani, na pesa ya mbolea imekwenda nayo. Baada ya nitrati huja zamu ya manganizi, kisha chuma. Hapo ukichimba utakuta udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu kandokando ya mizizi. Basi chimba mifereji kabla ya kuweka mbolea, na mbolea yenyewe uigawe kwa awamu. Kwenye mpunga uliofurika maji, nitrati usiweke kabisa, tumia urea.

Wapo pia bakteria wasiohitaji masalia ya mimea. Karibu mwaka 1890, mtaalamu wa bakteria Sergei Winogradsky alionyesha kwamba wengine hupata nishati kwenye amonia: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, jingine humalizia kuwa nitrati. Mmea unafaidi, lakini kazi hiyo huacha asidi. Urea nayo hugeuka amonia udongoni, kwa hiyo shamba linalotiwa urea kila msimu lipimwe pH (kiwango cha asidi), na likihitaji chokaa lipewe. Kwa maoni yangu, chokaa hiyo ina maana kuliko chupa za bakteria wa kununua, kwa kuwa wenyeji wamo tayari udongoni.

Silaji, yaani majani ya mifugo yanayohifadhiwa kwa kuchachushwa, ni kinyume cha haya yote. Huko tunawataka bakteria wa asidi ya laktiki, wanaofanya kazi bila hewa, kwa hiyo shindilia kila tabaka na ufunike siku hiyohiyo.