Mgomba wa chungu kwa walio kwenye baridi

Mlioko Uingereza, Ujerumani na kwingine kwenye baridi, msinunue mgomba kwa kuona picha ya ndizi tu kwenye kibandiko. Musa basjoo, ule unaosifiwa kwa kuvumilia baridi kali, ni wa pambo: vijindizi vyake vimejaa mbegu, haviliki. Wa kula ni Dwarf Cavendish, unaofika kama mita 2, au Super Dwarf Cavendish, unaoishia mita 1 na kitu na kupita mlangoni bila vita.

Kagua majani. Dwarf Cavendish ukiwa mchanga huwa na madoa ya rangi ya damu ya mzee, vikonyo vifupi, majani yamebanana. Chagua wenye shina nene chini. Ule mwembamba uliorefuka kutafuta mwanga uache hapo hapo dukani.

Chungu kiwe na matundu. Anzia lita 10, uhamishie kikubwa taratibu. Joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi mgomba husimama kukua, basi uingize ndani, karibu na dirisha, na maji upunguze sana. Udongo baridi uliolowa huozesha mizizi upesi. Matunda? Labda mwenye kibanda cha vioo.