Redio Ikizimika, Usikimbilie Kununua Nyingine

Redio yangu ilikuwa inazimika kila nikipiga honi taa zikiwa zimewaka. Nikabadilisha fyuzi, wapi. Nikanunua redio mpya, nayo ikazimika vilevile. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba nina mita ya kupimia umeme.

Anza kwenye betri, gari likiwa limelala usiku kucha. Mita iweke kwenye volti za DC, yaani umeme wa moja kwa moja kama wa betri. Ukisoma 12.6, betri imejaa, 12.2 ni kama nusu. Sasa washa injini. Namba ipande, ikae kati ya 13.8 na 14.7 hivi. Ikigoma kwenye 12, alteneta (jenereta ya injini inayochaji betri) haichaji, lakini kagua mkanda wake kwanza, usije ukauziwa alteneta kwa sababu ya mkanda uliolegea. Ikipita 15, shuku regyuleta, yaani kidhibiti cha volti za alteneta, na usiendelee kuendesha hivyo, betri itachemka. (Magari mengine ya kisasa hushusha chaji yenyewe kwa makusudi. Washa taa kubwa na feni, upime tena.) Ila kichwa cha betri usikichomoe injini ikinguruma, hata fundi akikwambia ndiyo njia ya kupima alteneta. Umeme unaoruka hapo unaweza kuua kompyuta ya gari.

Yangu ilisoma 14.2. Safi kabisa, na redio bado inazimika.

Basi nikashika ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi, penye chuma kitupu, injini na taa zikiwaka. Nikamwambia mwanangu abonyeze honi. Volti 4.3! Hapo haitakiwi kuzidi 0.2. Yaani redio ilikuwa inabakiwa na chini ya volti 10. Nikafungua bolti ya waya wa ethi, ule unaounga hasi ya betri na bodi, spana namba 10, nikakuta rangi. Aliyepulizia gari rangi alipitisha hadi chini ya kichwa cha waya, kisha akakaza juu yake. Nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi. Kwisha.

Kama shida yako ni mlio wa mbu unaopanda ukikanyaga mafuta, kagua ethi ya redio, kisha pima betri, mita ikiwa kwenye volti za AC (umeme wa kupishana), injini ikiwaka. Ikizidi volti 0.5, daiodi za alteneta, zile zinazogeuza AC kuwa DC, zimechoka.

Redio inasahau stesheni kila ukizima gari? Kwenye redio nyingi za kununua, waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa swichi. Mara nyingi nyaya hizo zimebadilishana. Zote mbili zikiungwa kwenye umeme wa kudumu, betri inaweza kuamka imekufa. Hapo pima ampea kupitia waya wa hasi, yaani uchomoe waya huo na mita ikae kati yake na hasi ya betri, kila kitu kimezimwa, usubiri kama nusu saa. Ikizidi miliampea 50, chomoa fyuzi mojamoja mpaka ishuke. Usipige stati mita ikiwa bado imeungwa. Mimi niliunguza fyuzi ya mita hivyo, kwa haraka ya kwenda kazini.