Usinunue Shamba kwa Jina la Shemeji: Yaliyonikuta Kijijini Java

Kila ukifika mwezi wa saba, watu wakianika karafuu huku Java, Indonesia, nami nikirusha picha mbili tatu, simu haipumui. "Kaka, kumbe huko ni kama kwetu! Ardhi bei gani? Tufanyie mpango." Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi someni hapa.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Mke wangu ni Mjava, tulioana Muscat wote tukiwa kazini. Kwao ni kijijini kwenye milima ya Menoreh, wilaya ya Purworejo, Java ya Kati, na siku ya kwanza nilipopanda huko nilikaribia kulia. Mikarafuu mpaka uani. Doriani, fenesi, shokishoki, minazi. Kuoga ni kwa kata, kama kwa bibi. Sabuni wanaita sabun, karatasi kertas, dunia ni dunia, na wakikusalimu "apa kabar" sikio linapata habari. Adhana alfajiri inatoka misikiti minne kwa mpigo. Na enzi za babu zetu karafuu za Pemba zilipakiwa melini kuja huku kutiwa kwenye sigara zao za kretek, hadi wakapanda zao za kutosha na sisi tukabaki na magunia. Nilijiona nimefuata karafuu zetu.

Hapo ndipo akili ilipolala. Mahali pakifanana na kwenu unadhani na sheria zake zimefanana.

Sheria ya ardhi ya Indonesia ni ya mwaka 1960, na kifungu cha 21 kinasema wazi: umiliki kamili, wao wanauita hak milik, ni wa raia wa Indonesia tu. Mgeni hapati, awe na fedha, awe na mke, awe na watoto saba. Kwetu Zanzibar ardhi ni ya Serikali, mtu anakuuzia mikarafuu yake na mnaelewana mbele ya sheha. Bara nako mgeni hapewi ardhi hivi hivi. Kwa hiyo hatuna haki ya kushangaa. Sisi wenyewe tumewaona Wazungu wa Nungwi na Jambiani wanaojenga kwa jina la mchumba halafu wanalia, tukawacheka. Mimi niliwacheka sana. Kisha nikafanya yale yale.

Mwaka 2015 tulipata kiwanja, mita za mraba 900, mteremko mzuri, maji ya chemchemi. Tulipokwenda kwa notaris, yaani wakili wa mikataba, alituambia hata mke wangu hawezi kukiandikisha, kwa sababu tulioana bila mkataba wa kutenganisha mali. Bila mkataba huo, atakachonunua mke ni mali ya wote wawili, na nusu ya mgeni inaharibu kitu kizima. Akatuonyesha njia: pinjam nama, kuazima jina. Hati iandikwe kwa jina la kaka wa mke wangu, na mimi nipewe karatasi tatu za kunilinda: hati ya deni kwamba shemeji amenikopa fedha hizo, hati ya uwakilishi kwamba naweza kuuza kwa niaba yake, na tamko lake kwamba mali ni yangu. Mihuri, stempu za ushuru, kamba nyekundu. Nilizitunza kama msahafu.

Jina lililo kwenye hati ndilo mwenye mali. Soma tena, ndugu yangu. Karatasi zangu tatu zilikuwa kazi bure. Kifungu cha 26 cha sheria ile ile kinasema uhamishaji wowote unaompa mgeni ardhi hiyo, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ni batili, ardhi inaangukia kwa dola na fedha uliyolipa huwezi kuidai. Yaani ukienda mahakamani kuthibitisha kwamba shamba ni lako, umejishitaki mwenyewe. Uwakilishi usiofutika nao umepigwa marufuku kwenye mambo ya ardhi tangu 1982, na uwakilishi wa kawaida hufa na aliyeutoa.

Na shemeji alikufa. Mwaka 2021, Mungu amrehemu, mtu mwema, hakuwahi kunidhulumu hata rupia. Arobaini haijafika, mwanawe mkubwa akaja kwa adabu zote, kaketi chini, kanywa chai, akasema hati ya baba imeshapelekwa benki kuwekewa dhamana ya mkopo wa matibabu.

Mama mdogo aliponiambia kwa simu, "Lakini hao si ndugu, mwanangu?" nilinyamaza. Mama mdogo, nakuheshimu, lakini undugu ni wa aliye hai. Warithi hawakula kiapo chako. Mjane wake nilimuuliza tangu mwanzo kama ameridhia mpango ule, akaniambia "nggih". Nikahesabu ndiyo. Mjava hakuambii hapana usoni, ni aibu kwake na kwako. "Nggih" mara nyingi ni "nimekusikia". Ukimuuliza kama jambo limekwisha na halijakwisha, atakuambia "belum", bado, hata kama halitakwisha milele. Sisi wa pwani tunajisifu kwa kuzungusha maneno, lakini hawa ni walimu wetu. Wala si unafiki, msije mkawatukana. Ni watu ambao nyumba yako ikiezuka watakuja watu arobaini na nyundo zao kabla hujaita, ndiyo gotong royong, na hakuna atakayetaja malipo. Kwenye ardhi tu, usiitumie ile tabasamu kama risiti.

Linaloniuma hasa ni kwamba mlango ulifunguka nikauona. Oktoba 2016 Mahakama ya Katiba yao iliamua kwamba mkataba wa mali unaweza kufungwa hata baada ya ndoa. Ningekwenda na mke wangu kwa notaris, tukafunga mkataba, tukausajili, shemeji akamuuzia dada yake mbele ya PPAT, ofisa wa hati za ardhi, kwisha. Nilijua mwaka 2017. Nikapiga hesabu ya ushuru, mnunuzi hadi asilimia 5, muuzaji asilimia 2.5, nikasema mwakani. Mwakani ikawa miaka minne.

Kwa hiyo, kama mwenzako ni raia wa huko: mkataba wa mali kwanza, ndoa baadaye, kiwanja mwisho. Kama huna mwenzako: kodi. Mkataba wa kukodi wa miaka 20 au 25 kwa notaris ni halali na hauhitaji kuazima jina la mtu. Kuna pia haki ya matumizi, hak pakai, kwa mgeni mwenye kibali cha kuishi, ila nyumba ina kiwango cha chini cha bei kinachowekwa kwa kila mkoa, na si bei ya kijijini. Na ukionyeshwa "Letter C" au girik, ujue ni karatasi za zamani za kulipia kodi ya ardhi, si hati. Kanuni ya 2021 ilizipa miaka 5 tu, hadi Februari 2026, kuhesabiwa ushahidi wa haki. Kaulize BPN, ofisi ya ardhi, hati iko kwa jina la nani. Jina hilo ndilo mwenye mali.

Safari: hakuna ndege ya moja kwa moja, utapita Doha, Dubai au Addis Ababa. Kadi ya homa ya manjano beba. Ukilala kijijini, katoe taarifa kwa Pak RT ndani ya saa 24. Ni balozi wa nyumba kumi, kasoro kofia. Viza ya matembezi si ya kazi, na kuzidisha siku ni rupia milioni 1 kwa kila siku. Ukipita siku 60 unafukuzwa na kupigwa marufuku. Nawaambia hasa wazazi wanaouza ng'ombe ili kijana "akacheze mpira Indonesia". Nimewaona vijana wa Kiafrika kwenye mechi za vijijini, tarkam, wanalipwa kwa mechi, wakala kashika pasipoti. Na mzigo wa mtu usiubebe, hata wa binamu: dawa za kulevya kule zina adhabu ya kifo.

Sisi tulisuluhishwa barazani kwa mkuu wa kijiji, usiku mzima, kwa chai na mihogo ya kukaanga. Benki ililipwa, nusu na mimi. Sasa nyumba niliyoijenga naikodi kutoka kwa mjane, miaka 15, kwa notaris mwingine. Mkataba hautaji miti. Mikarafuu kumi na mmoja niliyoipanda 2016 ilianza kuzaa baada ya shemeji kufa, na mwanawe ndiye anayepanda kuichuma. Msimu uliopita aliniletea mfuko wa kilo mbili, kaushiwa vizuri, akaniita Paklik, baba mdogo, akaniuliza kama kwetu nako karafuu zinanukia hivi.